VYUMBA TISA VYA TABIA
Somo kwa waalimu, wazee wa kanisa na Wakristo wote wasomao

Yasomwe kwanza: 1 Wafalme 21:1-16, Kutoka 1:15-21, Warumi 7:14-25, Yohana 21:15-19.



Vijana wetu walioko katika shule za sekondari na vyuo wana desturi ya kuonyeshana katika simu zao mchoro mmoja wenye vyumba tisa, vitatu kwa vitatu. Katika kila chumba huandika jina la mtu: pengine mfalme wa zamani, pengine mtu wa hadithi, pengine mwalimu wao wa shule, hata mchungaji wao na wazee wa usharika. Huyu humwita mwema ashikaye amri. Huyu humwita mwovu ashikaye amri. Yule humwita mwovu asiyetawalika. Wengine hufanya hivyo kwa kucheka tu. Lakini wako wanaolishika jambo hili kana kwamba ndiyo elimu ya kumjua mwanadamu, na mtu akiisha kuandikwa katika chumba, hawamtoi tena. Waalimu wameuliza kama jambo hili ni la kukataza au ni la kufundisha.

Jibu langu nalitoa mapema, kisha nitalieleza. Vyumba hivi vyafaa kwa kupima tendo; havifai kwa kumfungia mtu. Mwenye kuvitumia kujihoji mwenyewe atapata faida. Mwenye kuvitumia kumhukumu jirani yake atapotea, naye atampoteza jirani.

I. Asili ya vyumba hivi

Mchoro huu haukutoka kwa wanafalsafa wala kwa waganga wa akili. Ulitoka katika mchezo. Mwaka 1974, huko Marekani, katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, mtu aitwaye Gary Gygax, ambaye zamani alifanya kazi ya bima na kisha kazi ya kutengeneza viatu, alitoa mchezo pamoja na mwenzake Dave Arneson wa jimbo la Minnesota. Mchezo huo huitwa Dungeons & Dragons, maana yake Magereza ya Chini ya Ardhi na Majoka. Hauchezwi kwa mpira wala kwa karata. Watu wachache huketi mezani, na kila mmoja hujivika nafsi ya mtu wa hadithi: askari, mchawi, kuhani, au mwizi. Mmoja wao ndiye msimulizi. Yeye huwaeleza wenzake njia waliyomo na hatari iliyo mbele yao. Nao husema watakalotenda, kisha hutupa dadu, nyingine zina pande 20, ili ijulikane kama wamefaulu au wameshindwa.

Sasa, katika mchezo wa namna hii haina budi kujulikana kila mtu wa hadithi ana mwelekeo gani, asije askari mwaminifu akatenda kama mnyang'anyi bila sababu. Mwanzoni waliweka mielekeo mitatu tu: Sheria, Kati, na Machafuko. Mawazo hayo waliyapata katika hadithi za Poul Anderson wa Marekani na za Michael Moorcock wa Uingereza, waliosimulia juu ya vita kati ya utaratibu na machafuko. Lakini wachezaji wengi wakaona shida: je, ashikaye sheria ndiye mwema, na asiyeishika ndiye mwovu? Mwaka 1976 Gygax akaandika makala kueleza kwamba sheria na machafuko ni jambo moja, na wema na uovu ni jambo jingine, na kila jambo lapimwa kwa kipimo chake. Katika kitabu cha mwaka 1978 vyumba vikatimia tisa. Mwaka 2008 wenye mchezo walivipunguza vikawa vitano. Mwaka 2014 wakavirudisha vyote tisa, wakaongeza neno kwamba wanyama wasioweza kupambanua mema na mabaya hawamo katika chumba cho chote.

Katika miaka ya 1980 Wakristo wengi wa Marekani waliushutumu mchezo huo kuwa ni mlango wa uchawi. Sitaingia katika mashindano hayo. Wengi katika vijana wanaouchora mchoro huu hawajaucheza mchezo wenyewe hata mara moja. Linalotuhusu sisi ni kwamba kipimo kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa hadithi sasa chawekwa juu ya watu wenye damu na roho. Tena hamu ya kuwagawanya watu kwa mafungu si ngeni. Waganga wa Kiyunani waliwagawanya kwa hali nne za mwili. Na Ole Hallesby, mwalimu wa Kilutheri wa nchi ya Norwe, aliandika kitabu kuzieleza hali hizo nne kwa Wakristo. Lakini hali hizo ni za maumbile: mmoja ni mwepesi wa hasira, mwingine mpole, mwingine mwenye huzuni. Vyumba tisa vyathubutu neno kubwa zaidi, kwa kuwa vyasema nani ni mwema na nani ni mwovu.

II. Jinsi vinavyopangwa

Vyumba hivi vyatokana na maswali mawili.

Swali la kwanza: Mtu huyu huongozwa na nini? Wako washikao amri, ahadi na desturi, hata ikiwa ni taabu. Wako wafuatao moyo wao wenyewe, wasiotaka kufungwa na mtu wala kanuni. Kati yao wako washikao amri zinapofaa na kuziacha zisipofaa.

Swali la pili: Mtu huyu humtendea jirani nini? Wako wamtafutiao jirani mema hata kwa hasara yao. Wako wamwumizao kwa faida yao. Kati yao wako wasiomdhuru mtu wala kujitoa kwa ajili ya mtu; hushughulika na ya kwao basi.

Majibu matatu ya swali la kwanza yakikutana na majibu matatu ya swali la pili, vyapatikana vyumba tisa. Juu hukaa wema watatu: mwema mshika amri, mwema wa kati, na mwema mfuata moyo wake. Chini yao hukaa watatu wasio wema wala waovu. Chini kabisa hukaa waovu watatu: mwovu mshika amri, mwovu wa kati, na mwovu mfuata moyo wake. Huo ndio mchoro wote. Mtoto wa darasa la kipaimara aweza kuuelewa kwa nusu saa.

III. Neno la kweli lililomo

Wapendwa, tusilidharau jambo kwa sababu limetoka mchezoni. Katika mchoro huu limo neno moja ambalo sisi watu wa kanisa twalisahau upesi, nalo ni hili: kushika utaratibu na kutenda mema si kitu kimoja. Wenye mchezo walikuwa wakitafuta kanuni za mezani tu, wakagusa jambo ambalo Maandiko yamelionyesha tangu zamani.

Soma habari za Nabothi. Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu. Nabothi akakataa kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake. Angalia sasa Yezebeli alivyofanya. Hakutuma wanyang'anyi usiku. Aliandika barua, akazitia muhuri wa mfalme. Barua zikaenda kwa wazee na wakuu wa mji, yaani kwa watu wenye haki ya kuhukumu. Ikatangazwa siku ya kufunga, kama ilivyo desturi mji ukiwa na jambo zito. Wakaletwa mashahidi wawili, kwa kuwa torati yataka mashahidi wawili. Nabothi akashitakiwa kwa kosa ambalo adhabu yake ni kifo. Akatolewa nje ya mji, akapigwa kwa mawe. Ukitafuta pale ulipovunjwa utaratibu, hutauona kwa nje, maana kila jambo lilikwenda kwa daraja yake. Kilichokosekana ni kweli tu, na huruma. Huyo ndiye mwovu mshika amri, naye ni wa kutisha kuliko mnyang'anyi, kwa sababu mnyang'anyi hufukuzwa na mji mzima, bali Yezebeli alisaidiwa na wazee wa mji.

Sasa soma habari za Shifra na Pua, wakunga wa Waebrania huko Misri. Farao alitoa amri, naye ndiye mwenye mamlaka: watoto wa kiume wauawe. Wakunga hawakuitii. Tena walipoulizwa hawakumweleza mfalme kweli yote. Kwa kipimo cha serikali ya Misri walikuwa waasi. Lakini Maandiko yasema walimcha Mungu, naye akawatendea mema. Basi wako watu wavunjao amri ya mwanadamu kwa sababu waogopa kuivunja amri iliyo kuu zaidi.

Je, mambo haya ni ya zamani tu? Hasha. Tuseme mumewe mama mmoja amefariki. Ndugu za marehemu wakutana. Wamwita mjumbe, waandika muhtasari, wahesabu mashahidi, kila mtu atia sahihi, tena wafungua kikao kwa sala. Mwisho wa kikao mjane na watoto wake hawana shamba. Yupo na kijana wa jirani, asiyefika kanisani ila kwa nadra, mwenye maneno mengi, asiyependa kuamriwa. Naye ndiye amchoteaye mjane maji na kumtengenezea paa. Wazee tukiulizwa nani ni mtu wa utaratibu, tutawataja wale ndugu. Bwana akiuliza nani alikuwa jirani yake mjane, tutamtaja nani? Waswahili husema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Sisi mara nyingi huutazama mlango uliopakwa rangi, tukaondoka tumeridhika.

Kwa hiyo, mwalimu, kijana akikuonyesha mchoro huu, usimkemee mara moja. Mwulize: "Yezebeli utamweka wapi? Na wakunga je?" Utakuwa umefungua Biblia pamoja naye kwa ufunguo alioushika yeye.

IV. Watu watatu waliopimwa

Ili tuone nguvu ya mchoro huu na upungufu wake, natwae watu watatu walioishi chini ya serikali moja, serikali ya Hitler iliyotawala Ujerumani toka mwaka 1933 hata mwaka 1945.

Wa kwanza ni Adolf Eichmann. Kazi yake ilikuwa kupanga safari za treni zilizowachukua Wayahudi na kuwapeleka mahali pa kuuawa. Alikuwa mtu wa ofisi, wa hesabu na barua. Baada ya vita alikimbia. Akakamatwa Argentina mwaka 1960, akahukumiwa Yerusalemu mwaka 1961, akanyongwa mwaka 1962. Utetezi wake ulikuwa nini? Kwamba alitii amri za wakubwa wake na kiapo chake. Hakusema kuwa hakushika utaratibu. Alisema kuwa aliushika sana. Mtu huyu hatuoni shida kumwekea chumba. Lakini tusikimbie haraka. Hakuingia chumba kile kwa siku moja. Aliingia kwa kuacha, siku baada ya siku, kuuliza amri aliyopewa yamfanyia jirani nini. Kila mtu mwenye kalamu na kitabu cha hesabu, hata kama ni kitabu cha usharika, na aogope kuacha kuuliza.

Wa pili ni Dietrich Bonhoeffer, mchungaji wa Kilutheri, aliyezaliwa mwaka 1906. Aliongoza chuo cha wachungaji pale Finkenwalde, chuo kilichofungwa na polisi mwaka 1937. Halafu akajiunga na watu waliokula njama ya kumwondoa Hitler. Aliwadanganya wenye mamlaka, akaishi kwa siri. Akakamatwa mwaka 1943, akanyongwa pale Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Vijana wangemwandika upesi katika chumba cha wema wafuatao moyo wao. Lakini angalia: yeye mwenyewe hakujiandika hivyo. Katika maandiko yake alifundisha kwamba mtu avunjaye amri kwa ajili ya kumwokoa jirani asijihesabie haki kwa tendo hilo. Achukue hatia yake, aiweke mbele za Mungu, ategemee rehema tu. Huo ndio moyo wa mafundisho ya Luther. Mtu haokolewi kwa chumba alichomo, hata kiwe cha juu kabisa.

Wa tatu ni Oskar Schindler, naye ndiye avunjaye hesabu yetu. Alizaliwa mwaka 1908 huko Moravia. Mwaka 1939 alijiunga na chama cha Hitler. Akafungua kiwanda cha vyombo mjini Kraków, nchi ya Poland, akitafuta utajiri wa vita. Alikuwa mlevi, tena hakuwa mwaminifu kwa mke wake. Kama mzee wa kanisa angalikwenda kwake mwaka 1939 na mchoro wa vyumba tisa mkononi, angalimweka wapi? Hapana shaka, chini au kati: mtu wa faida, asiyemcha mtu. Lakini alipoona wanayotendwa Wayahudi waliomfanyia kazi, akaanza kuwaficha, kuwahonga maofisa, kutoa mali yake, hata akawaokoa watu wapata 1,200. Alifariki mwaka 1974, akazikwa Yerusalemu. Chumba kilichoandikwa mwaka 1939 kingekuwa cha uongo mwaka 1944. Wala hakuwa mtakatifu hata mwaka 1944. Udhaifu wake wa zamani haukumwacha.

Basi mchoro ulitusaidia kumfahamu Eichmann. Ulitupa nusu ya habari za Bonhoeffer. Kwa Schindler ulishindwa kabisa.

V. Sababu za kushindwa kwake

Sababu ni tatu, nazo ndizo kiini cha somo letu.

Ya kwanza: katika mchezo mtu huchagua chumba chake kabla ya kuanza, huandika katika karatasi, kisha hutenda sawasawa na alivyoandika. Mwanadamu wa kweli sivyo alivyo. Paulo, mtume wa Bwana, akiri katika Warumi 7 kwamba jema alitakalo halitendi, na baya asilolitaka ndilo alitendalo. Mtume huyo mwataka kumwandika katika chumba gani? Luther alifundisha kwamba Mkristo ni mwenye haki na mwenye dhambi, yote mawili pamoja, wakati ule ule: ni mwenye haki kwa ajili ya Kristo aliyempokea, ni mwenye dhambi kwa asili yake inayompiganisha mpaka kaburini. Mtu wa namna hiyo hakai katika chumba kimoja. Jihoji jana yako. Asubuhi ulimsaidia mgonjwa. Adhuhuri ulipita kando usimwone mwombaji. Jioni ulimsema vibaya mwenzako, tena kwa maneno ya adabu. Kwa siku moja umepita katika vyumba vitatu, nawe ni yule yule.

Ya pili: mchoro huu wasema kwamba kuna mahali pa kati, pasipo wema wala uovu, mtu aweza kukaa pale bila lawama. Tena katika mchezo wako wa kati wanaosema kwamba wema na uovu yapasa visimame sawasawa kama pande mbili za mizani. Hili hatuwezi kulikubali. Kuhani na Mlawi walipopita kando njiani kwenda Yeriko hawakumpiga yule mtu, wala hawakumwibia; walipita tu. Pilato hakumchukia Bwana Yesu. Alinawa mikono tu. Je, tutasema hawakutenda uovu? Luther, katika Katekismo Ndogo ya mwaka 1529, aeleza amri ya tano kwamba haitoshi kutomwua jirani. Yatupasa kumsaidia katika haja za mwili wake. Chumba cha kati ambacho vijana wengi hujiandikia wenyewe kwa fahari, kwa kuwa chaonekana kuwa cha watu wenye akili na utulivu, hakimo katika Katekismo. Wenye mchezo wenyewe, mwaka 2014, walisema kwamba mnyama ndiye asiyehesabiwa wema wala uovu. Sisi si wanyama, wapendwa.

Ya tatu, nayo ni kubwa kuliko hizo. Katika kanuni za mwaka 1978 alikuwako shujaa mtakatifu, aitwaye paladini, ambaye hana budi kuwa mwema mshika amri. Ilikuwa sheria ya mchezo kwamba akiukosa utaratibu aende kwa kuhani, aungame, apewe kitubio. Lakini akitenda uovu kwa kujua na kwa kupenda, amekwisha: heshima yake yaondoka saa ile ile, wala haiwezi kurudi kamwe. Katika matoleo ya baadaye waliilegeza sheria hiyo. Lakini tafakarini ilivyokuwa. Kosa dogo lina msamaha, kosa kubwa halina. Je, si ndivyo mioyo yetu ipendavyo kuhukumu?

Mweke Petro chini ya sheria hiyo. Alikuwa wa kwanza kati ya wale kumi na wawili. Alionywa mapema, naye akaapa kwamba hataanguka. Akamkana Bwana wake mara tatu, kwa kujua, karibu na moto wa makaa. Kwa sheria ya paladini, habari zake zimekwisha usiku ule. Lakini fungua Yohana 21. Kando ya bahari, karibu na moto mwingine wa makaa, Bwana amwuliza mara tatu kama ampenda, na mara tatu ampa kazi ya kuwalisha kondoo. Hakumwambia kwamba hakutenda uovu. Hakubadili jina la dhambi yake ikawa ndogo. Alimrudisha. Waswahili husema: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mhunzi wetu ni Kristo, naye hajapata kuitupa koleo iliyoletwa kwake imevunjika.

VI. Neno kwa waalimu na wazee wa kanisa

Sasa tuseme wazi neno litupasalo sisi tunaochunga. Mchoro wa vyumba tisa ni mgeni, lakini kazi yake ni ya kwetu tangu zamani. Kabla vijana hawajauona katika simu, sisi tulikuwa na mchoro wetu usioandikwa. Twasema: "Nyumba ile ni watu wabaya." "Binti yule alizaa nyumbani, hana la kutuambia." "Mzee yule ni nguzo." Mtu aliyetengwa na Meza ya Bwana akitubu na kurudi kundini, twampokea mbele ya madhabahu, lakini nje ya mlango twamwita kwa jina lile la zamani. Miaka kumi baadaye akipendekezwa kuwa mzee wa mtaa, yupo mtu atakayekohoa kikaoni. Hapo tumekuwa wakali kama kanuni ile ya mwaka 1978.

Nidhamu ya kanisa ni njema, nayo imeamriwa. Lakini nidhamu hulihukumu tendo, na shabaha yake ni kumrudisha mtu. Aliyefanya uovu na aambiwe kwamba ni uovu, hata kama ameufanya kwa muhtasari na sahihi. Ndugu waliomnyang'anya mjane shamba na waitwe mbele ya wazee kama vile aitwavyo mlevi. Kwa nini mlevi atengwe, nao wapewe viti vya mbele? Na aliyetubu asamehewe kweli kweli. Katika maelezo ya amri ya nane, Luther hatosheki kutukataza uongo. Atufundisha kumtetea jirani na kuyachukua mambo yake kwa upande ulio mwema. Amri hiyo yavunjwa kila mara jina la mtu linapoandikwa katika chumba cha chini kwa kucheka.

Namna ya kufundisha na iwe hivi. Mwalimu na achore vyumba tisa ubaoni bila jina la mtu aliye hai. Awaambie wanafunzi waweke humo matendo, si watu: tendo la Yezebeli, tendo la wakunga, tendo la Pilato, tendo la Zakayo kabla Bwana hajaingia nyumbani mwake, na tendo lake baadaye. Wataona wenyewe kwamba Zakayo yule yule yumo katika vyumba viwili, tena kilichomtoa huku na kumpeleka huku hakikuwa nguvu zake, ila mgeni aliyeingia nyumbani mwake. Kisha kila mwanafunzi na afunge kitabu, ajiulize kimya maswali yale mawili juu ya juma lake lililopita: Nilimtii nani? Na jirani yangu nilimtendea nini? Ndipo wapige magoti, waungame.

Katika kitabu chetu cha usharika mna safu ya ubatizo, safu ya kipaimara, safu ya ndoa, na safu ya mazishi. Hakuna safu ya wema na uovu. Wazee wetu hawakuisahau. Haikuwa kazi yao kuiandika. Kitabu hicho kingine kimo mkononi mwa Mungu, naye pekee ndiye aonaye moyo. Sisi tulipewa jina la kila mmoja kama lilivyotajwa juu ya maji ya ubatizo, na kwa jina hilo tuitane.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika habari za Nabothi, ni akina nani waliotenda uovu kwa kufuata utaratibu tu? Je, wazee wa mji wangaliweza kufanya nini?
2. Ni wakati gani Mkristo aweza kukataa amri ya mwenye mamlaka? Linganisheni Warumi 13:1-7 na Matendo 5:27-29.
3. Kwa nini Bonhoeffer hakujihesabia haki kwa tendo lake?
4. Je, katika mtaa wetu yuko mtu aliyesamehewa na kanisa, nasi hatujamsamehe? Msimtaje jina. Kila mtu na ajibu moyoni mwake, kisha aende kumsalimu.

Bwana wetu Yesu Kristo, aliyemrudisha Petro, na awape waalimu hekima, awape wazee huruma, na awape vijana macho ya kujiona wenyewe kwanza. Amina.